Chokoleti ya bangi kwa usiku wa wapenzi: maswali mnayouliza sana nyie mnaoishi Marekani na Kanada

Kila Februari ikikaribia, na tena msimu wa harusi na anivasari, maswali ya chokoleti yenye bangi yanakuwa mengi, kutoka Denver, Seattle, Minneapolis, Portland, Toronto, kwa hiyo nimeyakusanya hapa sehemu moja. Msimamo wangu nausema mapema: chokoleti yenye bangi iwe kipande kidogo sana mlichokubaliana wote wawili mkiwa na akili zenu timamu, alafu utamu wenyewe wa usiku utoke kwenye chokoleti ya kawaida, nzuri, isiyo na kitu ndani. Wanaochanganya hivyo vitu viwili ndio wanaoishia kushika kichwa chooni huku mshumaa unawaka mezani na mwenzake hajui afanye nini.

Haya yote ni kwa watu wazima tu, na kwa mliopo sehemu ambazo sheria inaruhusu.

Kwanza kabisa, ni halali au sio halali?

Inategemea umesimama wapi. Colorado wananchi walipiga kura 2012 na maduka yakafunguliwa Januari 1, 2014. California walipiga kura 2016, mauzo yakaanza Januari 2018. Minnesota ambako ndugu zetu ni wengi sheria ilianza Agosti 2023. Kanada nchi nzima iliruhusu Oktoba 2018, ila vitu vya kula, chokoleti ikiwemo, viliruhusiwa mwaka mmoja baadaye na vikaingia madukani mwisho wa 2019. Umri ni miaka 21 Marekani, na Kanada sehemu nyingi ni 19, Alberta 18, Quebec 21. Na walioko Montreal wajue kabisa kwamba duka la serikali la Quebec haliuzi chokoleti wala pipi za bangi, kwa hiyo ukiuziwa huko ujue imetoka uchochoroni.

Sasa Marekani kuna jambo moja ambalo watu wetu wanalisahau kila siku: jimbo limeruhusu, serikali kuu haijaruhusu bangi ya starehe. Kwa mtu aliyezaliwa hapa hiyo inaweza isimguse maishani mwake. Kwa wewe mwenye makaratasi ya uhamiaji ni habari nyingine, soma swali linalofuata hata kama una haraka.

Kwa walioko Tanzania, Kenya, Uganda, Oman, Emirates: sio halali, na adhabu ni kali, kwa hiyo nyie chukueni sehemu ya chokoleti ya kawaida tu humu ndani, nayo ni tamu.

Mimi sio raia bado, nina grini kadi. Kipande kimoja cha Valentaini kina shida gani?

Kina shida, na ningeomba usile. Najua jibu hili linaudhi maana duka liko pale barabarani lina taa na mlinzi na risiti na kila kitu, ila sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu na haiangalii jimbo limesema nini. Mtu asiye raia anaweza kupata matatizo kwa kukiri tu kwamba ametumia, hata kama hajawahi kukamatwa wala kushtakiwa. Aprili 2019 idara ya uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo ulioandikwa wazi kwamba shughuli za bangi, hata zile halali kwenye jimbo, zinaweza kukuharibia kipengele cha tabia njema unapoomba uraia. Shughuli hapo maana yake pana, mpaka kuajiriwa kwenye duka la bangi imo. Kuna watu waliingia kwa bahati nasibu ya viza, wamesubiri miaka, wamelipia mawakili, alafu unamkuta kapiga picha na paketi ameweka kwenye stori ya WhatsApp ambayo ina watu mia tatu. Jamani. Kama bado haujaapa uraia wako, ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kufikiria jambo hili, na usiku wa wapendanao fanya na chokoleti ya kawaida, hautapungukiwa kitu.

Hii inawahusu pia wakimbizi, walioomba hifadhi, wanafunzi wa viza, na wanaokuja kutembea tu.

Naendesha lori, nina CDL, ile leseni ya malori ya Marekani. Nikila Ijumaa usiku Jumatatu itakuwa imetoka?

Usihesabu hivyo. THC, ile kemikali ya bangi inayoleta stimu, inakaa kwenye mafuta ya mwili, na mkojo unaweza kuionyesha siku nyingi baada ya stimu kuisha, kwa mtumiaji wa mara kwa mara hata wiki kadhaa. Vipimo vya madereva wa malori ni vya serikali kuu, na tangu Januari 2020 kuna daftari la kitaifa ambalo matokeo mabaya yanaingizwa na mwajiri mwingine anayaona, kwa hiyo hauwezi kuhama kampuni ukaanza upya kimya kimya. Kwa kazi za hospitali, nyumba za wazee, jeshi, uliza sera ya kazini kabla, na kama hauwezi kuuliza maana yake jibu unalo.

Haya, mimi ni raia, kazi yangu haina shida. Dozi ya kuanzia ni ipi?

Miligramu 2.5 za THC. Kwa mtu ambaye hajawahi kabisa hata 1 mpaka 2 inatosha. Angalia lebo: Colorado na California dozi moja kisheria ni hadi miligramu 10 na paketi nzima hadi 100. Massachusetts dozi moja ni 5. Kanada paketi nzima haizidi 10, yaani wenzetu wa Toronto paketi yao yote ni sawa na kipande kimoja cha Denver, ndio maana mtu akitoka huko akija kutembea huku anashangaa kilichompata. Kwa hiyo kipande cha miligramu 10 kinakatwa mara nne kwa kisu kwenye ubao, mnakula robo robo, mengine mnafungia. Bora zaidi tafuteni zile zilizogawanywa vipande vya 2.5 au 5 kiwandani, maana ukikata mwenyewe vipande haviwi sawasawa kabisa.

Alafu mnasubiri. Hapa ndipo pa kukaa sana, naomba mnivumilie. Ukivuta, moshi unaingia kwenye mapafu na dakika chache unajua uko wapi. Ukila, inapita tumboni, inaenda kwenye ini, ini linaigeuza THC kuwa kitu kingine kinachoitwa 11-hydroxy-THC ambacho kinaingia kwenye ubongo kwa urahisi zaidi, na safari yote hiyo inachukua nusu saa mpaka saa mbili kabla haujasikia chochote. Kilele kinakuja saa mbili mpaka nne tangu ulipokula. Kuisha kabisa inaweza kuwa saa sita, nane, hata kumi na mbili. Kosa ni moja siku zote: mtu anakula, dakika arobaini zinapita, anasema hii feki, anaongeza, alafu zote mbili zinafika pamoja.

Na hili kwetu lina sura. Machi 2014, miezi michache tu baada ya maduka ya Colorado kufunguliwa, mwanafunzi wa miaka 19 kutoka Kongo alikuwa Denver na wenzake, akala kipande kimoja cha biskuti ya bangi kama muuzaji alivyoelekeza, akasubiri kati ya nusu saa na saa moja, hakusikia kitu, akamaliza biskuti yote iliyokuwa na miligramu 65. Saa chache baadaye, akiwa hajielewi, aliruka kutoka baraza la ghorofa ya nne la hoteli akafariki. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kiliandika ripoti yake mwaka uliofuata. Sisemi ili kutisha watu, nasema kwa sababu alikuwa kijana wetu, na alichofanya ndicho ambacho karibu kila mtu anataka kufanya dakika ya arobaini. Usiongeze usiku huo. Kama 2.5 haikufanya kitu, basi haikufanya kitu, mna chakula, mna muziki, mna nyie wenyewe, mtajaribu 5 siku nyingine.

Mimi nilivuta sana bangi ya Tarime enzi hizo, si nianzie kumi?

Hapana mkuu. Uzoefu wa kuvuta hauhamii moja kwa moja kwenye kula, maana ukila ini linahusika zaidi kuliko ukivuta. Alafu kama ni enzi hizo maana yake mwili umeshasahau. Anza na 2.5 kama mwenzako, na kuna uzuri wake, mnakuwa sehemu moja wote wawili badala ya mmoja kuwa juu sana na mwingine anamwangalia.

Ni kweli chokoleti yenyewe inaongeza stimu?

Swali zuri na lina historia tamu. Mwaka 1992 kundi la Raphael Mechoulam huko Jerusalem liligundua, kwa kuchunguza ubongo wa nguruwe, kwamba ubongo unatengeneza kemikali yake mwenyewe inayogusa milango ileile inayoguswa na THC, wakaiita anandamaidi. 1996 Daniele Piomelli na wenzake wakatangaza kwenye jarida la Nature kwamba wameikuta anandamaidi ndani ya chokoleti, pamoja na vitu vingine viwili vinavyoichelewesha kuvunjika. Hapo ndipo kila muuzaji alipopata maneno ya kuandika kwenye boksi.

Ila kiasi kilichomo ni kidogo mno, na ukikila tumbo na ini vinakivunja karibu chote kabla hakijafika kokote, kwa hiyo hakuna sababu ya kuamini kwamba kakao inakuza stimu ya bangi kwa njia hiyo. Kinachofanya kazi kweli ni mafuta. THC inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji, na siagi ya kakao ni mafuta matupu, kwa hiyo inaibeba vizuri na kuisambaza sawasawa ndani ya kipande. Alafu uchungu wa kakao unafunika ule uchungu wa majani. Na chokoleti inayeyuka karibu na joto la mwili, unaiweka ulimini inaenda yenyewe, sasa hiyo peke yake kwa jioni ya watu wawili wanaopendana ni kitu kikubwa, haihitaji kemia.

Ratiba ya usiku iweje?

Wengi wanakula mwisho kama dizeti, alafu inawafika saa tano usiku wakiwa wamelala fofofo. Mimi ningepanga hivi: saa 12 jioni kuleni kitu chepesi, tumbo lisiwe tupu maana likiwa tupu inakuja haraka na kwa kishindo. Saa 1 mnakula kile kipande kidogo, pamoja, mkiangaliana, hiyo ni sehemu ya mapenzi yenyewe. Saa 2 chakula kamili, ila msile mlima wa pilau na mbuzi, chakula chenye mafuta mengi kinachelewesha kilele na pia kinafanya mwili unyonye zaidi. Kati ya saa 2 na saa 3 mtaanza kusikia. Hapo sasa ndio mnatoa chokoleti ya kawaida, polepole, na matunda. Kilele kitakuwa saa 3 mpaka saa 5. Funguo za gari ziwe zimeshawekwa mbali tangu saa 12 na hakuna anayeendesha mpaka kesho yake asubuhi, hata kwenda kununua maji, maji mnunue mapema, ya kutosha, maana mdomo utakauka. Na kesho yake msiwe na kazi ya alfajiri.

Chokoleti gani inaendana vizuri?

Hapa ndipo nnapopapenda zaidi. Kitu cha kwanza kujua, chokoleti nyingi za bangi madukani zimetengenezwa kwa mafuta yaliyosafishwa mpaka harufu yote ya mmea imeondoka, kwa hiyo hizo hadithi za aina hii ni ya mahaba na aina ile ni ya usingizi zilizoandikwa kwenye boksi usizibebe sana, hata kwenye bangi ya kuvuta majina ya aina zake, indika na sativa, hayatabiri vizuri utajisikiaje. Kama unataka kusikia mmea wenyewe tafuta iliyoandikwa rozini, hiyo imekamuliwa kwa joto na mgandamizo bila kemikali, inabaki na harufu yake.

Harufu za bangi zinatoka kwenye teripini, yaani kemikali za harufu zilizomo kwenye mimea, na nyingi ukizinusa utakuta unazijua tangu jikoni kwa mama. Karayofilini iko kwenye pilipili manga na karafuu. Limonini iko kwenye maganda ya machungwa na ndimu. Mirisini inasikika kwenye maembe. Linaloli ni ya lavenda, na kwenye iliki imo pia. Kwa hiyo ukiwa na kipande chenye harufu ya pilipili pilipili, kipeleke kwenye chokoleti nyeusi ya asilimia 70 ambayo imeguswa na karafuu kidogo. Chenye ndimu kinapenda chokoleti nyeusi yenye chumvi na ganda la chungwa. Chenye maembe mpe chokoleti ya maziwa na vipande vya embe kavu, mchanganyiko huo ni mtamu kweli. Chokoleti nyeupe ni ngumu, haina unga wa kakao wa kuficha kitu, majani yanasikika wazi, labda uiwekee iliki ndio inakubali.

Na hiyo chokoleti ya kawaida ya kula kwa wingi, kwa nini usinunue ya nyumbani? Kakao ya Tanzania nyingi inatoka Kyela kule Mbeya, na ipo ya bonde la Kilombero, Morogoro, ambako kampuni ya Kokoa Kamili inanunua kakao mbichi kwa wakulima wa pale Mbingu, inaichachusha na kuikausha yenyewe. Watengenezaji wadogo wa Marekani wanaipenda, Dandelion ya San Francisco imekuwa ikitengeneza chokoleti ambayo jina la Kokoa Kamili liko kwenye karatasi. Ladha yake ina uchachu wa matunda, kama zambarau hivi na ndimu kwa mbali. Uganda kuna ya Bundibugyo, Kongo kuna ya upande wa Beni. Unamwambia mpenzi wako hii imelimwa kwetu, mnakula kidogo kidogo, na hata kama mwenzako ni Mmarekani hajawahi kufika, usiku huo utakuwa na kitu cha kuzungumza ambacho hakuna boksi lenye umbo la moyo linaweza kukupa.

Usiiweke friji, inatoa utando mweupe na inanusa vitunguu. Kama imeshaingia friji, itoe ikae kwenye joto la chumba nusu saa kabla ya kula.

Tunaweza kunywa na waini?

Ningesema hapana. Pombe inapandisha THC kwenye damu, na vikichanganyika ndio chanzo kikubwa cha kizunguzungu, jasho baridi na kutapika. Kama lazima, glasi moja ndogo wakati wa chakula basi, lakini mimi ningechemsha rozela, nikaiweka barafu na tangawizi, rangi ni ileile nyekundu. Kahawa kali pia iache, moyo utakuwa tayari unaenda mbio.

Nataka kumfanyia mume wangu sapraizi, nimpe bila kumwambia kuna nini ndani. Ataipenda.

Dada yangu, usifanye. Kumlisha mtu kilevi bila kujua ni kosa la jinai, na hata ukiacha sheria, mtu asiyejua amekula nini stimu ikimpanda anaamini anakufa, atakimbizwa hospitali akidhani ni moyo. Anaweza kuwa anatumia dawa ambazo hakukuambia. Anaweza kuwa na kipimo kazini wiki ijayo. Anaweza kuwa na imani yake, kwa Waislamu wengi masheikh wao wanasema kilevi ni haramu bila kujali kipimo, nawe utakuwa umemwingizia kitu mwilini bila ridhaa. Sapraizi weka kwenye maua, kwenye mahali, kwenye nguo. Kipande chenye bangi kinatajwa kwa jina lake na miligramu zake, mezani, kabla.

Inasaidia mambo ya chumbani?

Kidogo inaweza kulegeza mwili, kupunguza aibu, mguso ukasikika zaidi na muda ukaonekana mrefu. Nyingi inafanya kinyume kabisa, wasiwasi, usingizi, mtu anaingia ndani ya kichwa chake anakuacha peke yako. Ndio maana nasisitiza dozi ndogo, na kwa mapenzi hasa dozi ndogo ndio yenye faida.

Jambo la maana zaidi: mnachotaka kufanya na msichotaka kufanya kizungumzwe kabla ya kula, sio saa nne usiku. Mtu aliyelewa hawezi kukupa ridhaa ya jambo jipya. Na akisema basi, ni basi, hata kama mlikubaliana mchana.

Alafu kuna hili linasahaulika: mafuta na kondomu za mpira haviendani. Kuna mafuta ya kupaka yenye bangi ambayo msingi wake ni mafuta ya nazi, na kuna watu wanapenda kupakana chokoleti iliyoyeyuka, vyote viwili vina mafuta na vinaichakaza kondomu mpaka inapasuka. Chokoleti ikae mezani, na kama mnahitaji kilainishi tumieni cha maji.

Imezidi. Nifanye nini sasa hivi?

Kaa chini au lala ubavu, taa hafifu, maji kidogo kidogo, mtu akae na wewe, na ujikumbushe kwamba inapita, hata ikichukua saa kadhaa. Usijifungie bafuni peke yako, usitoke nje kutembea, kaeni mbali na baraza la ghorofani. Kuna wanaotafuna pilipili manga, haina madhara ila usiitegemee. Kama kuna maumivu ya kifua, pumzi ngumu, kuzimia, kutapika kusikoisha, au mtu anaongea vitu visivyoeleweka na anakuwa mkali, piga 911. Kituo cha sumu cha Marekani ni 1-800-222-1222, saa 24, bure, na unaweza kuomba mkalimani. Waambie ukweli umekula nini na miligramu ngapi, wanataka kukutibu.

Kutengeneza mwenyewe nyumbani?

Sishauri kwa usiku kama huu. Hauna njia ya kupima nguvu, kipande kimoja kinaweza kuwa na 3 na cha pembeni yake 30 kwa trei ileile. Nunua duka lenye leseni, iliyopimwa maabara. Na usinunue zile za vituo vya mafuta au maduka ya vepu, mwaka 2024 kuna chokoleti za namna hiyo zilizodaiwa kuwa za uyoga ambazo ziliwalaza watu hospitali majimbo mengi mpaka FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikatoa onyo. Zinazoiga karatasi za pipi maarufu za watoto nazo kimbia.

Nani asile kabisa?

Mjamzito na anayenyonyesha, THC inapita kwenye kondo na kwenye maziwa. Mwenye ugonjwa wa moyo. Mwenye historia ya ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia visivyokuwepo, yeye au familia yake ya karibu. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu kama warfarin, za kifafa, za usingizi, aongee na mfamasia kwanza, na CBD, kemikali nyingine ya bangi, nayo imo humo, haitoi stimu lakini inagombana na dawa.

Tuende hoteli?

Uliza sera yao kwanza. Kutumia hadharani Colorado ni kosa, kula kwenye bustani au mgahawani hakuna tofauti na kuvuta kisheria. Wanaokaa nyumba za ruzuku ya serikali kuu, Section 8 na nyinginezo, wajue kanuni za huko zinakataza hata kama jimbo limeruhusu, usihatarishe paa la watoto kwa kipande cha chokoleti.

Naweza kumbebea mpenzi wangu aliye Dar? Au kuvuka nayo Vancouver kwenda Seattle?

Hapana na hapana. Kuvuka mpaka wa Kanada na Marekani nayo ni kosa japo pande zote mbili zinauza. Hata kutoka jimbo halali kwenda jimbo halali ni kosa la serikali kuu. Tanzania sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haijali kwamba imefungwa kwa utepe mwekundu, na ukipita Dubai njiani mambo ni mabaya zaidi. Mpelekee chokoleti ya kawaida.

Mwenzangu hataki kabisa, ila mimi nataka.

Basi usiku huo usile. Mmoja yuko juu, mwingine macho makavu, mnakuwa vyumba viwili ndani ya kitanda kimoja. Usimbembeleze mara tatu nne, akikataa mara moja inatosha.

Iliyobaki tuihifadhi wapi?

Ndani ya paketi yake yenye lebo, kwenye kasha lenye kufuli, juu, sio friji ya familia na sio mkoba wa mama. Marekani taarifa za watoto chini ya miaka sita kula vitu vyenye bangi zilitoka 207 mwaka 2017 zikafika 3,054 mwaka 2021, na wengi walivikuta nyumbani. Nyumba zetu zina watoto, zina wapwa, zina watoto wa jirani wanaoingia bila kubisha, na mtoto hajui tofauti, yeye anaona chokoleti. Mtoto akila hata kidogo usisubiri dalili, piga kituo cha sumu papo hapo.

Mbwa pia, kwake ni hatari mara mbili, kuna THC na kuna theobromini ya kakao, na kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyokuwa mbaya kwake. Mpeleke kwa daktari wa mifugo na umwambie daktari wazi kwamba ilikuwa na bangi, hawaiti polisi, wanahitaji kujua waanzie wapi. Vile vipande vilivyokatwa visivyoliwa, kama hamna kufuli, tumbukiza kwenye mabaki ya kahawa iliyotumika au uchafu wa jikoni, funga mfuko, tupa pipa la nje usiku huohuo kabla hamjalala.